Mwaka Nilioitia Simu Mizizi

Mwezi uliopita nilikwenda Magamba kwenye harusi ya Minza, mdogo wake Kabula fundi simu. Nilikuwa nimekaa mkekani na wamama wa rika langu, sahani ya wali na nyama mapajani, maana Wasukuma hawana ubahili wa nyama siku ya harusi, hilo lazima niwasifu. Mara nikasikia sauti kali kutoka kwenye masufuria: "Shikamoo Bibi Mizizi! Wamekupa nyama laini au wamekupa mifupa?" Alikuwa Kabula, kanga kiunoni, upawa mkononi. Nikaitikia marahaba, nikacheka. Msichana aliyekaa karibu yangu, Holo anaitwa, hakucheka. Akaivuta sahani yake taratibu upande wa pili, kisha akaufunika wali wake kwa kiganja. Nikajua anawaza nini. Mwanamke mzee, macho mekundu ya moshi, halafu anaitwa Mizizi! Nikamwambia, "Kula, mjukuu wangu. Mizizi yangu hailiwi. Ni ya simu." Akanitazama kama mtu aliyeambiwa ng'ombe ametaga. Ikabidi nimsimulie, na nyie nawasimulia kama nilivyomsimulia yeye, ila kwake nilifupisha kwa sababu ngoma ilikuwa imeanza.

Sitawachosha na habari za nani alimzaa nani. Inatosha mjue kwamba mimi ni Skolastika, Mpimbwe wa Usevya, shuleni nilisoma kidogo tu, herufi nazijua lakini nazisoma mojamoja kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Na mjue kwamba nina mdogo wangu mmoja, Leokadia. Leokadia aliugua homa kali akiwa bado anajifunza kutembea. Akapona, ila masikio hayakupona naye. Siku zile kwetu hakukuwa na mtu wa kumfundisha lugha ya alama ya shule, basi mimi na yeye na mama tukajitungia yetu. Ilianza na njaa na kiu na njoo hapa, ikakua, ikafika mahali tukaweza kusengenyana mbele ya watu Misa ikiendelea. Kila mtu alikuwa na jina lake la mkononi. Mama alikuwa kusugua kifundo cha mkono, pale alipovaa bangili yake. Mzee Didasi, aliyetafuna miwa hata njiani, alikuwa kuvuta kidole pembeni ya mdomo. Mjomba Gaspari alikuwa bega moja juu, moja chini. Mimi ni kidole kinachokata nyusi, kwa sababu ya kovu langu. Wengi wa hao wamekwenda, lakini majina yao bado ninayo mikononi, hakuna hata mmoja niliyemsahau. Mama alipofariki, lugha ile ikabaki na watu wawili duniani.

Sasa mwaka ule goti langu likanikataa kabisa. Nikafanyiwa upasuaji, na mwanangu Apolinari akasema sirudi Usevya, nitakaa kwake Ilembo niwe karibu na hospitali. Sikuwa na ubishi. Walinipa chumba cha pembeni, dirisha linatazama mahindi ya jirani, ndani kitanda, magunia ya mpunga, picha ya Bikira Maria na msumari wa kutundikia mkongojo. Chakula kilikuwa kizuri. Mkwe wangu Stella anajua kupika migebuka, samaki wa Tanganyika, mpaka unalamba kiwiko. Lakini nilikuwa nakula huku nikiwaza: nani anaongea na Leokadia leo? Alikuwa anakaa na Yustina, mtoto wa kaka yetu, binti mwema, anampa chakula, anamfulia, anamwonyesha kwa kidole hiki na kile. Lakini kuonyeshwa sahani si kuongeleshwa. Barua hasomi. Simu ya kawaida atasikiliza kwa sikio gani? Yustina aliniambia, "Bibi, siku hizi amekaa tu. Mikono ameilaza mapajani kama vitu vya kuazima." Maneno hayo yaliniuma kuliko goti.

Yustina alikuwa na simu nzuri ya kupiga picha watu wakaonana. Mimi nilikuwa na simu ya kupangusa, aliniachia Stella aliponunua yake mpya. Mara moja mjukuu wangu wa bodaboda alinipa yake nikamwona Leokadia. Jamani! Tulilia wote wawili, na yule kijana ana abiria anamsubiri, anaita, "Bibi, fanya haraka." Simu ya kuazima ni mdomo wa kuazima. Nikataka ya kwangu ifanye kazi hiyo, nipige ninapotaka na yeye anipigie anapotaka. Lakini kila Stella alipojaribu kuweka programu ya kuonana, simu ilijibu nafasi imejaa. Imejaa nini, na mimi sina kitu humo? Akafungua kuniangalizia. Kulikuwa na programu ya kubashiri mpira, michezo ya magari, hali ya hewa ya miji ambayo sitaiona mpaka naingia kaburini, zote zilikuja na simu kutoka kiwandani. Ukizigusa kuziondoa, haziondoki. Ni wageni waliokuja na mikeka yao.

Ndipo nikaenda Kashaulili kwa Kabula. Kibanda chake kilikuwa kimebanana na cherehani ya Mama Jeni, fundi nguo, mwanamke mwenye maoni juu ya kila kitu. Pale ndani kulikuwa na kompyuta ya mkononi iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, nyaya kama utumbo wa mbuzi, na harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya inayoyeyuka imechanganyika na harufu ya maandazi ya jirani. Nilipenda mahali pale tangu siku ya kwanza. Kabula aliipokea simu yangu kwa mikono miwili, akaigeuza, akaguna.

"Mayu," akaniita, ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, "hii simu mjini wanaiita marehemu."

"Mjini waite wanavyotaka. Inawaka."

"Inawaka, ndiyo. Lakini hivi vitu vilivyojaa humu havitoki mpaka tuiruti."

"Tuifanye kuruta? Iende jeshini?"

Mama Jeni alicheka mpaka akajichoma sindano. Kabula akajifuta machozi, akaniambia kuruti ni neno la Kizungu, maana yake mzizi. Simu ikishapata mzizi, unaweza kufika chini kabisa ukafanya unachotaka. Nilielewa mzizi kama mtu yeyote wa kwetu anavyoelewa mzizi: unachimbwa alfajiri, unafungwa kwenye kitambaa. Nikasema nitafikiria, nikachukua simu yangu nikarudi Ilembo.

Kosa langu lilikuwa kumwambia Stella wakati wa kupepeta mchele. "Fundi anasema simu yangu itiwe mizizi." Stella aliacha ungo. Kesho yake baada ya Misa nikaona jumuiya nzima ya kanisa inaingia uani, mbele Mama Kasto mwenyekiti na rozari yake mkononi, nyuma Mama Anjela na Mama Filipo na sufuria la migebuka, kwa sababu jumuiya yetu hata ikija kukukemea haiji mikono mitupu. Wakakaa. Tukala kwanza. Nilimsikia Mama Anjela akimnong'oneza Mama Filipo, "Mizizi ya simu ni ya kumvuta mtu aliye mbali. Anayemvuta ni nani, umri huu?" Mama Filipo akajibu, "Labda yule mjane wa Makanyagio." Nilikaribia kupaliwa na mwiba.

Mama Kasto akakohoa. "Dada Skola, tumesikia habari. Wewe ni Mkatoliki wa kubatizwa na kipaimara. Simu haina roho, lakini wewe unayo."

Hata mimi nilikuwa na wasiwasi uleule. Nikamtuma Stella akamlete Kabula. Akaja na koti lake la kazi, akapiga magoti kuwasalimia wote, akapewa mgebuka, akala mpaka mkia. Halafu akawauliza, "Mama zangu, nani hapa aliolewa akakaa miaka kwa mama mkwe, anapika, anafagia, anazaa, lakini ufunguo wa stoo uko kiunoni kwa mama mkwe?"

Kicheko kilichotoka hapo! Mama Filipo akainua mkono, "Mimi! Mpaka chumvi naomba!"

"Basi simu ndiyo hivyo. Umeinunua, unaichaji, lakini ufunguo wa stoo amebaki nao aliyeitengeneza. Kuruti ni kuuchukua ufunguo. Ni hilo tu. Hakuna kuchimba, hakuna kuchanja. Lakini," akanyoosha kidole chenye mafuta ya samaki, "mkwe akipata ufunguo, mchele ukiibwa hawezi tena kumlaumu mama mkwe."

Mama Kasto alifikiri kidogo, akaiweka rozari mfukoni. "Kwa nini hakusema ufunguo tangu mwanzo? Hawa Wazungu nao, mzizi wa nini!" Wakaondoka wakiimba. Jina la Bibi Mizizi lilitoka kwao, wala si kwingine.

Nilipokwenda tena Kashaulili nilidhani nitakaa nisubiri kama kwa daktari. Kabula akakataa. Alisema, "Mayu, mwenye ufunguo ni wewe, vidole viwe vyako. Mimi nitasema." Nimefundishwa na watu wengi maishani, wengi wao kwa fimbo. Kabula alifundisha kwa kuuliza. Tulianza na jina kamili la simu, kwa sababu simu zinafanana kama mapacha na dawa ya huyu humuua yule. Tukalitafuta kwenye mipangilio, chini kabisa, nikasoma herufi mojamoja naye akaandika. Halafu akauliza, "Humu kuna kitu ukikikosa utalia?" Kulikuwa na picha ya Apolinari akiwa na mtoto wake wa kwanza, na namba za watu. Akavihamishia kwenye kompyuta, akaniambia kufuli la kiwandani likifunguliwa simu inafutika yote, inabaki kama siku iliyotoka dukani, na asiyeambiwa hilo mapema hugombana na fundi mpaka polisi. Akaniambia pia kuna programu za benki zikijua simu imerutiwa zinagoma, na dhamana ya dukani inakufa. Nikamwambia benki yangu ni gunia la mpunga, na dhamana ya simu ile ilikufa kabla sijaipata.

Kisha tukafika mahali ninapopapenda. Kabula akasema nitafute palipoandikwa nambari ya muundo, nipagonge mara saba. Nikadhani ananitania. Nikagonga kama ninavyogonga mlango wa mtu ninayemheshimu. "Haraka kidogo, mayu, siyo sakristia." Nikagonga tena. Pakatokea maneno. Nikayasoma polepole, jiwe moja baada ya jingine, na Mama Jeni amesimamisha cherehani ananisubiri: Sasa... wewe... ni... msanidi... programu.

"Msanidi ni nani?" nikauliza.

"Mtu anayetengeneza programu," Kabula akasema. "Injinia, mayu. Simu imekutambua."

Mama Jeni akasimama akanipigia saluti na sentimita yake shingoni. Mtaweza kusema ni maneno tu ambayo simu humwambia yeyote anayegonga. Najua. Lakini mimi nilitoka shuleni kwenda kulinda ndege mpungani, sikuwahi kuambiwa mimi ni chochote kwa maandishi. Nilirudi Ilembo siku ile sikutaka hata kupanda bodaboda, nilitaka kutembea na goti langu, watu wanione.

Siku ya kufungua kufuli tulianza asubuhi, chaji imejaa, maana umeme ukikatika katikati ndiyo balaa. Kufuli likafunguka, simu ikafutika kama alivyosema. Kisha Kabula akatuma faili la kuitia simu mzizi kutoka kwenye kompyuta kupitia waya. Simu ikazima. Ikawaka. Ikaonyesha nembo yake. Ikabaki hapo. Tukasubiri. Kabula akasema mara ya kwanza huchelewa, tusiiguse. Mama Jeni akashona suruali nzima. Nembo ileile, inapotea, inarudi, inapotea, inarudi.

"Mnajua inafanya nini?" Mama Jeni akasema. "Inatubishia hodi."

Kabula hakucheka. Hapo ndipo niliogopa. Wakati wote mdomo wake haukuwa unatulia, sasa ulikuwa umefungwa. Nikamwuliza polepole, "Imekuwaje, mwanangu?"

"Inaweza kuwa tofali, mayu." Ndivyo mafundi wanavyoiita simu isiyoamka tena.

"La kuchoma au la bloku?" Mama Jeni akauliza, kisha akaniona usoni akajutia ulimi wake, akaniletea kigoda chake na chai. Nilikaa nikaitazama ile nembo, inakuja inakwenda, nikaona Usevya, nikaona mikono imelala mapajani. Simu nyingine isingepatikana mwaka ule, mpunga haukuwa mzuri. Mikono yangu ikaanza kuongea yenyewe. Sikujua. Ni Kabula aliyenitazama akauliza, "Unasema nini?" Nikamwambia namwambia mdogo wangu asubiri kidogo. Nilikuwa sijawaambia habari za Leokadia, niliwaambia nataka kumwona ndugu tu. Sasa nikawaambia yote, lugha ya watu wawili, mama na bangili, yote. Mama Jeni akajifuta macho kwa kitambaa cha suruali ya mteja.

Kabula akageukia kompyuta, safari hii hakutuma kitu. Alikaa anaangalia tu. Nimejifunza pale kwamba fundi mzuri akikwama huacha kugusa. Mara akapiga paja lake. "Bando! Jana bando la intaneti lilikata nikiwa napakua. Faili limekuja nusu, ona ukubwa wake, na mimi nikalitia hivyohivyo. Nusu ya dawa, mayu! Mimi ni ng'ombe."

"Usiwatukane ng'ombe, mahari yako ni wao," Mama Jeni akasema, akampa bando lake mwenyewe kutoka kwenye simu yake. Tukapakua upya, wote watatu tunatazama ule mstari unavyojaa kama watu wanaotazama sufuria ya maziwa. Ukajaa. Kabula akalinganisha ukubwa kwanza, tarakimu kwa tarakimu. Kisha akasema, "Haya, injinia," nikabonyeza mimi.

Nembo. Ikapotea. Ikarudi. Halafu ikaja salamu ya kuchagua lugha, na Mama Jeni akapiga kigelegele mpaka muuza maandazi akaja kuuliza nani amejifungua.

Tukaanza kuwatoa wageni. Kila mara Kabula alipofungua programu ya kufagilia, simu iliuliza: Ruhusu, au Kataa. Akanifundisha kwamba hapo ndipo penye akili yote ya jambo hili, kwamba mtu akiisha kuiruti simu akawa anaruhusu kila kinachobisha hodi, bora angemwachia mama mkwe ufunguo. Nikajifunza kukataa. Ni neno tamu, sikuwa nalitumia vya kutosha. Kubashiri, nje. Magari, nje. Hali ya hewa nikauliza kama kuna ya Usevya, haikuwepo, nje. Hatukugusa kitu ambacho Kabula hakijui kazi yake, maana ukuta nao ukiutoa ukidhani ni takataka, nyumba inakuangukia. Nafasi ikapatikana, programu ya kuonana ikaingia, nami nikampigia Yustina.

Picha ikacheza, ikatulia. Leokadia alikuwa amekaa uani, anachambua maharage. Yustina akamgusa bega. Akaangalia. Akakata nyusi yake kwa kidole, jina langu, mara mbili, kama anayeita kutoka ng'ambo ya shamba. Nikamjibu. Akakunja uso. Nikajibu tena. Akatikisa kichwa, akaniuliza kwa mikono: mbona una kigugumizi? Nikagundua. Mkono mmoja ulikuwa umeshika simu, nilikuwa naongea nusu mdomo! Mama Jeni akaninyang'anya simu, akaiegemeza kwenye cherehani yake, nikabaki na mikono yangu yote miwili.

Basi hapo tukafunguka. Akaniambia kiboko ameingia mpunga wa Gaspari mdogo, mtoto wa mjomba, akaniigizia Gaspari anavyokimbia na kaptula imekatika mpira. Nikacheka mpaka goti likauma. Akaniambia Yustina anapika chumvi nyingi, Yustina yuko nyuma yake anatabasamu hajui anasemwa. Akaniambia kuku, akaniambia padri mpya, mikono yake ilikuwa inakimbia kama ya msichana. Kisha akasimama ghafla akanyoosha kidole nyuma yangu. Yule ni nani?

Alikuwa Kabula, ameinama juu ya simu ya mteja mwingine, na anapofanya kazi huuma mdomo wake wa chini bila kujua. Nikataka kumtaja, mikono ikakwama hewani. Sikuwa na jina lake. Tangu mama alipokufa hatukuwa tumempa mtu jina, watu walikuwa wanapungua tu. Leokadia akamtazama Kabula vizuri, akasogeza uso karibu na kioo. Akauma mdomo wake wa chini, kisha akaugusa kwa kidole gumba. Akanisubiri. Nikarudia: mdomo, kidole gumba. Ndiyo. Huyo ndiye.

Nikamgeukia Kabula. "Mwanangu, umepewa jina." Nikamwonyesha. Akaacha kazi, akasogea mbele ya simu, akauma mdomo, akagusa kwa gumba, kwa aibu kidogo, kama anayejaribu kiatu kipya. Kule Usevya Leokadia akapiga makofi. Tukawa watatu.

"Na mimi je?" Mama Jeni akaingiza kichwa katikati yetu, sentimita inaning'inia. "Mwambie na mimi anipe. Lakini lisiwe la unene!"